Kisima cha Nani, Maji ya Hadi Lini? Haja ya Lebo katika Violesura vya Programu

Mfugaji anayeswaga ngamia wake kuelekea kisima asichokizoea huwa na maswali mawili yanayodai majibu kabla mnyama wa kwanza hajainamisha shingo. La kwanza: kisima hiki ni cha nani? La pili: maji yake ni ya hadi lini? Huko Eldas, mojawapo ya maeneobunge sita ya Kaunti ya Wajir, maswali hayo si ya kupitisha muda. Kuna kisima kilichochimbwa na watu wa ukoo fulani, ambacho mgeni hunyweshea kwa idhini yao. Kuna bwawa la mvua lililo wazi kwa kila apitaye, lakini hukauka kiangazi kinapokaza. Kuna pia kisima cha mashine, ambacho hutoa maji mwaka mzima maadamu mafuta yapo na injini ni nzima. Kwa mtazamo wa macho matupu, maji ni maji. Kinachomwokoa mfugaji ni maelezo ya wenyeji. Mvua ilipokosekana kwa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwishoni mwa 2022, mtu aliyepewa maelezo yasiyo sahihi kuhusu kisima alikuwa katika hatari ya kupoteza mifugo yake yote njiani.

Makala haya yanayachukua maswali hayo mawili na kuyapeleka mahali ambapo wanafunzi wa Kiswahili hawajazoea kwenda, yaani katika violesura vya programu za kompyuta. Hoja yake ni moja. Kila kiolesura kinachotolewa ili wengine wajenge juu yake kinapaswa kubeba lebo mbili zilizo wazi: lebo ya uthabiti, inayosema kitadumu kwa namna gani, na lebo ya walengwa, inayosema kimetengenezwa kwa ajili ya nani. Lebo hizo ni ahadi. Na kwa kuwa ahadi huwekwa kwa maneno, wataalamu wa maneno hawawezi kujitenga nazo.

Kiolesura cha programu ni nini?

Neno kiolesura limezoeleka zaidi kwa maana ya kile anachokiona mtumiaji katika kioo cha kompyuta au simu: vitufe, menyu, picha na maandishi. Lakini kuna kiolesura kingine kisichoonekana, ambacho vijana wa fani hiyo hukiita API. Hiki ni mlango ambao programu moja huufungua ili programu nyingine iingie, iombe kazi ifanywe, na ipewe jibu. Duka la mtandaoni linapoomba malipo kutoka kwa simu ya mteja, halizungumzi na simu hiyo moja kwa moja. Hupitia mlango uliowekwa na kampuni ya simu. Mlango huo una taratibu zake: jina la kuitia, taarifa zinazotakiwa, mpangilio wa taarifa hizo, na sura ya jibu litakalorudi.

Aliyeujenga mlango anaweza kuubadilisha atakapo. Aliyeizoeza programu yake kupita hapo hana uwezo huo. Yeye hutegemea. Jina moja likibadilishwa au jibu lililokuwa na sehemu sita likarudi na tano, programu yake inaweza kusimama pasipo yeye kuligusa hata herufi moja. Kwa hiyo uhusiano baina ya mwenye kiolesura na mtegemezi wake si wa kiufundi pekee. Ni uhusiano wa kuaminiana baina ya mwenye nguvu na asiye nazo.

Nchini Kenya, mlango maarufu zaidi wa aina hii una jina la Kiswahili. M-Pesa ilianzishwa na Safaricom mwezi Machi mwaka 2007, na mwaka 2017 kampuni hiyo ikatoa kiolesura chake kwa wasanidi wa programu kwa jina la Daraja. Jina hilo limechaguliwa vyema, kwani linaeleza kazi kwa neno moja ambalo mtoto wa shule ya msingi analielewa. Hata hivyo, daraja la barabarani huwa na kibao kinachotaja uzito wa gari linaloruhusiwa kupita. Dereva hahitaji kuwa mhandisi ili akisome. Swali linalopaswa kuulizwa kuhusu madaraja ya kidijitali, yawe ya kampuni hiyo au ya nyingine yoyote, ni kama vibao vyake vipo na vinasomeka.

Mfano wa kamati ya kisima

Chukulia, kwa mfano wa kubuni tu, kamati ya kisima cha mashine katika kijiji kimoja cha Eldas. Kamati hiyo imechoka kuhesabu sarafu na kugombana kuhusu nani amelipa na nani hajalipa. Inamwomba kijana wa hapo, aliyesomea kompyuta Garissa, atengeneze programu ndogo. Mfugaji analipa kwa simu. Taarifa ya malipo inafika katika programu. Programu inaitazama namba ya simu ya mlipaji, inalipata jina lake katika orodha, na mlinzi wa kisima anafungulia maji. Kwa miezi mingi kazi inakwenda vizuri, na ugomvi unapungua.

Kisha siku moja namba ya simu haiji kama ilivyokuwa ikija. Inakuja imefichwa. Programu inatafuta jina na kulikosa. Mlinzi wa kisima anatazama kioo chake na kuona fedha zimeingia, lakini hajui ni za nani. Mfugaji anaapa kwamba amelipa, na ni kweli amelipa. Ngamia wamesimama juani. Kijana yuko safarini na mtandao ni dhaifu.

Kisa hicho ni cha kubuni, lakini badiliko lililotajwa ndani yake si la kubuni. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na katika miaka iliyofuata namba za wateja zilianza kufichwa katika taarifa za malipo zinazotumwa kwa programu za wafanyabiashara. Sababu ya kufanya hivyo ni njema, kwani namba ya simu ya mtu ni mali yake, wala haifai kusambazwa kwa kila auzaye mkate. Hakuna ajuaye thamani ya faragha atakayelaumu badiliko hilo.

Kwa hiyo funzo la kisa si kwamba violesura visibadilike. Funzo ni kwamba kijana wa Eldas alihitaji kujua tangu siku ya kwanza ni sehemu gani ya jibu angeweza kuijengea nyumba, na ni sehemu gani ilikuwa hema. Namba ya malipo yenyewe, ambayo hutolewa kwa kila muamala, ilikuwa msingi imara zaidi. Namba ya simu ya mlipaji ilikuwa taarifa ya ziada tu. Kwake yeye, zote mbili zilionekana sawa, kama bwawa na kisima cha mashine vinavyoonekana sawa machoni pa mgeni baada ya mvua.

Lebo mbili na maana yake

Wazo la kuvipa violesura lebo si geni. Kampuni ya Sun Microsystems ilikuwa na utaratibu wa kuviainisha violesura vya mfumo wake wa Solaris: vile ambavyo kampuni ilijifunga kuvidumisha, vile ambavyo haikujifunga, vile vinavyoweza kubadilika wakati wowote, na vile vya matumizi yake ya ndani. Mradi wa Hadoop, unaotumiwa kuchakata data nyingi mno kwa kompyuta nyingi kwa pamoja, uliazima wazo hilo na kulipanga upya katika pande mbili zinazojitegemea.

Upande wa kwanza ni wa walengwa. Hapo kuna ngazi tatu: kiolesura cha watu wote, kiolesura cha washirika waliotajwa kwa majina, na kiolesura cha ndani ya mradi pekee. Upande wa pili ni wa uthabiti. Hapo pia kuna ngazi tatu: kilicho thabiti, ambacho hakivunjwi ila katika toleo kuu, kinachoendelea kukua, ambacho kinaweza kubadilishwa hata katika toleo dogo, na kisicho thabiti, ambacho hakina dhamana yoyote.

Ubora wa mpango huo uko katika kuzitenganisha pande hizo mbili. Watu wengi hudhani kwamba kilicho wazi kwa wote ndicho kilicho thabiti. Sivyo. Bwawa la mvua liko wazi kwa wote lakini si la kudumu, na kisima cha ukoo ni cha kudumu lakini si cha wote. Kadhalika, kiolesura kinaweza kutolewa kwa umma ili kijaribiwe kisha kikafutwa, na kingine kikadumu miaka ishirini kikiwatumikia wenyewe tu. Anayeyachanganya maswali hayo mawili atafika kisimani na kufukuzwa, au atakaribishwa na kukuta matope.

Hadoop ina kanuni nyingine inayostahili kutiliwa maanani: sehemu isiyowekewa lebo yoyote huhesabiwa kuwa ya ndani. Kimya hakichukuliwi kuwa ridhaa. Kanuni hii inageuza desturi iliyozoeleka, ambapo msanidi akiona mlango haujafungwa huingia, na baadaye mlango ukifungwa hulalamika.

Mfano mwingine ni kiini cha Linux. Nyaraka zake za violesura vya nje zimegawanywa katika mafungu ya vilivyo thabiti, vinavyojaribiwa, vilivyochakaa na vilivyoondolewa. Kwa fungu la kwanza, watunzaji wameweka muda: kitakachowekwa humo kitaendelea kufanya kazi kwa miaka isiyopungua miwili. Ahadi hiyo ina tarakimu. Mtu anaweza kuipangia kazi, na ikivunjwa anaweza kumshika mwenzake kwa neno lake. Wahenga walinena kuwa ahadi ni deni, na deni lisilo na tarehe ya kulipwa ni vigumu kulidai.

Kutoka Oslo na Eldoret hadi zahanati

Huenda msomaji akadhani kwamba mambo haya ni ya wafanyabiashara na kampuni za simu. Uwanja wa afya unaonyesha vingine. Tangu mwaka 2011, Kenya imekuwa ikitumia mfumo wa DHIS2, uliotokana na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwe, kukusanyia takwimu za afya nchini kote. Idadi ya watoto waliochanjwa na ya akina mama waliojifungulia zahanati huhesabiwa kila mwezi na kupandishwa ngazi hadi taifa. Takwimu hizo husaidia kuamua dawa na chanjo zipelekwe wapi. Kwa eneo kame lenye watu wanaohamahama, ambalo kwa miongo mingi lilikuwa nyuma katika huduma za serikali, kutohesabiwa ni sawa na kutokuwepo.

DHIS2 ina kiolesura ambacho programu nyingine huweza kukitumia kutuma na kuchukua takwimu. Kuanzia toleo la 2.25, kiolesura hicho kilipewa namba, na nyaraka zikaahidi kwamba matoleo matatu ya mwisho yangehudumiwa kwa wakati mmoja. Kwa mfano, mfumo wa 2.27 ungeendelea kuzielewa programu zilizoandikwa kwa kiolesura cha 27, cha 26 na cha 25. Hiyo ilikuwa lebo ya uthabiti inayohesabika. Aliyeandika programu yake kwa namba 25 alijua kwamba ana nafasi ya kujiandaa, na pia alijua kwamba nafasi hiyo si ya milele. Ukarimu wa ahadi hiyo haukuwa katika urefu wake bali katika uwazi wake.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na vyuo vikuu vya Kenya. Mfumo wa rekodi za wagonjwa uitwao OpenMRS ulianza kubuniwa mwaka 2004 na wataalamu wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana nchini Marekani, Burke Mamlin na Paul Biondich, walioona mahitaji ya wagonjwa wa Virusi vya Ukimwi huko Eldoret. Mwaka 2006 ukaanza kutumika Eldoret, katika mpango wa AMPATH wa Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Baadaye ulienea katika nchi nyingi, na KenyaEMR, inayotumiwa katika vituo vya Wizara ya Afya, imejengwa juu yake.

OpenMRS uliundwa ili wengine waongeze vijenzi vyao: mmoja wa maabara, mwingine wa dawa, mwingine wa ripoti. Kila kijenzi hupita katika kiolesura cha mfumo mkuu. Ndiyo maana katika msimbo wake kuna alama zinazosema kwamba njia fulani imeanza kutumika tangu toleo fulani, na nyingine inaachwa, hivyo isitumiwe katika kazi mpya. Alama ya pili ina thamani kubwa kuliko inavyodhaniwa. Ni mwenyeji anayemwambia msafiri: kisima hiki bado kina maji leo, lakini usipange kukirudia mwakani, pitia kile cha upande wa pili.

Hoja za wapinzani

Wapo wasemao kwamba lebo hazifai kitu kwa sababu watu hawazisomi. Hoja hii ina mashiko. Lugha ya Java ilikuwa na sehemu ya ndani iitwayo sun.misc.Unsafe. Jina lenyewe linatahadharisha kuwa si salama, na haikukusudiwa watu wa nje. Hata hivyo, wasanidi duniani kote waliitumia kwa kuwa iliwapa kasi wasiyoipata kwingine. Java 9 ilipotoka mwezi Septemba mwaka 2017 ikiwa na mpango wa kuzifungia sehemu za ndani, watunzaji walilazimika kuiacha wazi kwa muda, kwani kuifunga kungeziangusha programu nyingi mno. Hyrum Wright, mhandisi aliyefanya kazi Google, ameeleza tabia hii kwa kanuni inayoitwa kwa jina lake: watumiaji wakiwa wengi vya kutosha, kila tabia ya mfumo inayoweza kuonekana itapata mtu wa kuitegemea, bila kujali mkataba unasema nini.

Hata hivyo, hoja hiyo haiui haja ya lebo. Inaonyesha mipaka yake. Kibao cha daraja hakimzuii dereva mkaidi kuvuka na lori lililozidisha mzigo, lakini hakuna aliyependekeza vibao ving'olewe kwa sababu hiyo. Kibao humsaidia aliye tayari kusoma, na daraja likikatika huonyesha lawama iko wapi. Pasipo lebo, mwenye kiolesura na mtegemezi wake hubaki kutupiana maneno, na aghalabu mnyonge ndiye hushindwa.

Hoja ya pili ni kwamba lebo hugeuka maficho. Mwenye kiolesura anaweza kuandika kila mahali kwamba ni cha majaribio, kisha akajiosha mikono kwa lolote litakalotokea. Huduma ya barua pepe ya Gmail ilizinduliwa mwezi Aprili mwaka 2004 ikiwa na lebo ya majaribio, na haikuondolewa lebo hiyo hadi mwezi Julai mwaka 2009, wakati mamilioni ya watu walikwisha kuihamishia maisha yao. Majaribio ya miaka mitano si majaribio tena. Ni neno lililopoteza maana.

Mradi wa Kubernetes ulikumbwa na tatizo kama hilo. Kiolesura chake cha kupokea maombi kutoka nje kilikaa katika ngazi ya majaribio tangu mwaka 2015 hadi 2020, hali watu walikwisha kukitumia katika kazi zao halisi. Mwaka huo wa 2020 watunzaji waliweka sharti kwamba kiolesura kipya cha ngazi hiyo kisikae humo bila kikomo: kipandishwe, kitolewe toleo jingine, au kiachwe. Tiba ya lebo mbovu, basi, si kuondoa lebo bali kuipa muda wa kuishi.

Hoja ya tatu husemwa kwa sauti ya chini: kwamba haya yote si kazi ya idara ya Kiswahili. Hii ndiyo hoja inayostahili jibu refu zaidi.

Nafasi ya wanafunzi wa Kiswahili

Lebo ya walengwa ni suala la hadhira, na hakuna fani inayojua hadhira kuliko fasihi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kwamba msimulizi hubadilisha ngano kulingana na walio mbele yake, na kwamba wimbo wa unyago haukukusudiwa masikio ya kila mtu. Lebo ya uthabiti nayo inagusa tofauti ya kale baina ya fasihi simulizi na fasihi andishi: ile hubadilika kila inapotendwa, na hakuna anayeshangaa, hii ikibadilishwa baada ya kuchapishwa, msomaji hudai maelezo.

Isitoshe, watunga kamusi wamekuwa wakiweka lebo kwa muda mrefu. Neno la kale hutiwa alama kuwa ni la kale, na la kishairi kuwa ni la kishairi, ili msomaji asije akaliandika katika barua ya kuomba kazi. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilitoa idhini kwa vitabu vilivyokidhi kanuni za Kiswahili Sanifu. BAKITA, lililoundwa Tanzania mwaka 1967, limeendelea na kazi ya kusanifisha istilahi. Kusanifisha ni kutoa lebo ya uthabiti.

Lakini nyumba ya Kiswahili nayo ina ufa wake. Istilahi za kompyuta zilipoanza kumiminika, nyingi zilitolewa bila lebo. Kompyuta iliitwa kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Kifaa cha kuelekezea mshale katika kioo kiliitwa puku na pia kipanya. Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, nayo Microsoft ikafuata na tafsiri zake. Hizo zilikuwa juhudi za kupongezwa. Hata hivyo, mwalimu wa Wajir aliyefungua orodha yoyote ya istilahi hakuweza kujua ni neno gani lilikuwa pendekezo la mtu mmoja na ni lipi lililoafikiwa, ni lipi la Nairobi na ni lipi la Dar es Salaam. Yote yalichapishwa kwa sura moja ya uhakika. Mengine yalipotoweka, yalikwenda na imani ya watumiaji, na waliobaki wakarudi kwenye Kiingereza. Huo ndio ugonjwa uleule wa kiolesura kisicho na lebo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza inayopendekezwa ni kuunda seti ndogo ya lebo za Kiswahili za violesura. Hapa kuna tatizo la kisarufi ambalo mhandisi hataliona bila msaada. Lebo huandikwa peke yake, mbali na nomino inayoieleza, na inaweza kubandikwa juu ya kiolesura, njia, amri au jibu. Vivumishi vingi vya Kiswahili hudai upatanisho wa ngeli: kiolesura kipya, njia mpya, jibu jipya. Lebo inayobadilika umbo kila inapohamishwa haifai kuwa lebo. Suluhisho ni kuchagua nomino, au vivumishi visivyochukua viambishi vya ngeli.

Kwa msingi huo, lebo nne za uthabiti zinaweza kuwa hizi. Thabiti: hakibadilishwi bila toleo kuu na taarifa ya mapema. Makuzi: kinatumika lakini kinaweza kubadilika kwa taarifa. Majaribio: hakina dhamana, na tarehe ya mwisho ya majaribio itajwe. Buriani: kinaondoka; tarehe ya kuondoka na mahali pa kuhamia vitajwe. Neno buriani linafaa kwa sababu linabeba adabu ya kuagana. Mwenye kuondoka haponyoki usiku bali huwaaga aliokaa nao. Lebo za walengwa zinaweza kuwa tatu: Hadhara kwa kilicho cha wote, Washirika kwa kilicho cha waliotajwa, na Ndani kwa kilicho cha wenyewe. Kisichoandikwa chochote kisomwe kuwa Ndani.

Huenda mtu akauliza kwa nini lebo hizo ziwe za Kiswahili ilhali kijana wa Eldas amelelewa kwa Kisomali. Swali ni la haki, na jibu si kukipuuza Kisomali. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Ni lugha ambayo kijana huyo ameisoma darasani, na ndiyo itakayomwezesha kuelewana na msanidi wa Mombasa, wa Arusha au wa Goma. Kamati ya kisima ikihitaji maelezo kwa Kisomali, kijana aliyeielewa lebo vizuri ndiye atakayeweza kuyatoa. Asiyeielewa hatakuwa na la kutafsiri.

Kazi ya pili ni ya vyama vya wanafunzi vyenyewe. Kila orodha ya istilahi inayochapishwa katika majarida ya Kiswahili ibebe lebo hizohizo. Mwandishi anayependekeza neno aandike kwamba ni majaribio, na ataje walengwa wake. Baada ya miaka kadhaa, maneno yaliyoshika yapandishwe, na yaliyokataliwa na watumiaji yapewe buriani. Idara za Kiswahili na za kompyuta, ambazo katika vyuo vingi hutenganishwa na ukumbi mmoja tu, zinaweza kuanza kazi hii kwa semina moja bila kungoja fedha za mfadhili.

Hitimisho

Teknolojia itaendelea kubadilika, na hakuna lebo itakayoizuia. Anachodai mtegemezi si umilele, anadai kuambiwa. Mfugaji wa Eldas hakasiriki kwa sababu bwawa la mvua limekauka, kwani alijua litakauka. Hukasirika alipoambiwa kuna maji, akatembea siku mbili, akayakosa. Wanaojenga violesura vya malipo, vya afya na vya huduma za serikali wanapaswa kumtendea kijana anayejenga juu yao kama mwenyeji mwema anavyomtendea msafiri: wamwambie kisima ni cha nani na maji ni ya hadi lini, kwa maneno machache asiyoweza kuyafahamu vibaya.

Lebo saba zilizopendekezwa humu ziko katika ngazi ya majaribio, na walengwa wake ni hadhara. Zipewe miaka mitatu. Wasomaji wazijaribu, wazikosoe, wapendekeze zilizo bora. Na zitakazoshindwa kazi zipewe buriani kwa adabu.